Wapelekeni Wakawaone Mafundi

Mzazi Mswahili anayelea watoto Uingereza hawezi kulikwepa ombi hili. Mtoto amerudi kutoka shule, nusu ya darasa wameshafika kwenye studio za Harry Potter, na yeye anauliza zamu yake ni lini. Baba anauliza bei. Mama anauliza lililo zito zaidi: kwa nini tutoe fedha zote hizo kumpeleka mtoto akatazame uchawi?

Swali la mama nalipa heshima yake. Tunatoka kwenye jamii ambako uchawi si hadithi ya kulalia. Umevunja ndoa, umegombanisha ndugu wa tumbo moja, na kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa kushukiwa tu, kisa macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Mzazi anayesita, awe wa msikitini au wa kanisani, hasiti bure.

Hata hivyo nawashauri muende, na sababu yangu ni hiyohiyo ya uchawi. Sijaona mahali panapomwonyesha mtoto waziwazi kama pale kwamba kilichomtetemesha kwenye skrini ni mbao, kamba, gundi, rangi na subira ya watu. Kiumbe kinachopepesa macho kina mota ndani ya kichwa. Joho linalomfanya mtu asionekane limetiwa bitana ya kijani ili kompyuta ilifute. Mtoto aliyezoea kuuliza kitu kimefanywaje ni vigumu kuja kutishwa na mganga wa uongo. Ushauri wangu wote unaofuata unatokana na hapo: pangeni siku yenu ili watoto waione kazi ya mafundi.

Studio zenyewe ziko Leavesden, pembeni ya mji wa Watford, kaskazini-magharibi mwa London. Mkiwa njiani wasimulieni watoto habari za mahali hapo, maana ni kisa kizuri. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa kiwanda cha ndege, na miongoni mwa ndege zilizoundwa hapo ni Mosquito ya de Havilland, ambayo mwili wake ulikuwa wa mbao. Mafundi waliozoea kutengeneza makabati na viti waliitwa kuunda sehemu za ndege ya vita. Baadaye zikatengenezwa hapo injini za helikopta za Rolls-Royce, kisha mapema miaka ya 1990 kiwanda kikafungwa. Watengenezaji wa GoldenEye, filamu ya James Bond ya mwaka 1995, walikuwa wakitafuta jengo lenye nafasi kubwa na dari ya juu, wakaliona hilo limekaa tupu. Harry Potter ikaingia mwaka 2000, na filamu 8 zikatengenezwa hapo, ya kwanza ikatoka 2001 na ya mwisho 2011. Warner Bros. wakalinunua eneo zima, na mwaka 2012 wakawafungulia wageni milango. Upande wa pili wa uzio hadi leo filamu nyingine zinarekodiwa. Kwa hiyo mtoto haendi kwenye makumbusho ya kazi iliyokufa.

Kabla ya kulipa chochote, waambieni watoto ukweli mmoja: pale hakuna mabembea ya kasi. Yale yako Orlando, Marekani, kwenye bustani za Universal, na watoto wengi huchanganya mambo haya mawili kwa sababu ya video wanazoziona. Leavesden ni mahali pa kutembea, kutazama na kuuliza. Mtoto wa miaka 7 na kuendelea atafaidi sana. Aliye chini ya miaka 5 haingii kwa malipo, ingawa naye lazima akatiwe tiketi yake ya bure, lakini siku nzima msiijenge juu yake; atafurahia treni na basi la zambarau, kisha atachoka.

Wiki moja kabla, kaeni pamoja mtazame filamu ya kwanza. Kila mtoto achague vitu vitatu anavyotaka kujua vilifanywaje, aviandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo aende nayo. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalotofautisha familia inayotembea kwa hamu na familia inayoburutana. Mtoto mwenye swali lake hutafuta jibu. Asiye na swali hutafuta duka.

Na msimwache bibi nyumbani kwa kuwa hamjui huyo Harry Potter. Wazee wetu wanaokuja kutembelea wajukuu mara nyingi hupelekwa kwenye maduka makubwa na kwenye daraja la Tower Bridge kupigwa picha, basi. Mama mkwe wangu, ambaye ameshona nguo Tanga maisha yake yote, alisimama mbele ya mavazi ya filamu hizi muda mrefu kuliko mjukuu yeyote. Aliwaeleza watoto mshono ulivyopita, kitambaa kilivyokatwa mshazari, na kwa nini vazi moja linashonwa nakala nyingi: moja safi, moja lililochanika kidogo, moja lililokwisha kabisa, ili mhusika aonekane amepigana siku nzima ingawa mwigizaji amesimama pale saa moja tu. Siku hiyo mwalimu alikuwa yeye. Kama mzee wenu hawezi kutembea sana, ulizeni mapema kuhusu kiti cha magurudumu, na kama kuna mtu mwenye ulemavu anayehitaji msaidizi, tiketi ya msaidizi ni ya bure. Mjue tu kwamba mtaa wa Diagon Alley umetandikwa mawe, na kiti kitarukaruka.

Sasa tiketi. Langoni haziuzwi. Mnanunua kwenye tovuti ya studio zenyewe, mnachagua siku na saa, na siku za likizo za shule hujaa miezi mingi kabla. Tiketi ya mtu mzima imezidi pauni 50, na ya mtoto si chini sana ya hapo. Familia ya wazazi wawili na watoto watatu itatumia zaidi ya pauni 200 kabla hata ya kunywa chai, kwa hiyo tazameni tiketi ya familia, na kama shule inafungwa kwa siku ya mafunzo ya walimu, ichukueni hiyo kuliko Jumamosi. Wanaouza tiketi za bei ya chini kwenye makundi ya simu waepukeni. Na kwa wageni wanaotoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala: msilipie tiketi kabla viza haijatoka, hata kama shangazi wa London ana haraka. Wageni hao pia wakumbusheni saa. Tiketi iliyoandikwa 10:00 ni saa 4 asubuhi, na mnatakiwa kufika dakika 20 kabla.

Msimu nao una maana. Kuanzia Septemba hadi mapema Novemba huwa wanapamba sehemu nyingi kwa mambo ya giza, waovu wenye vinyago na mafuvu. Mzazi ambaye jambo hili zima linampa mashaka asichague wakati huo. Kuanzia katikati ya Novemba hadi Januari hupamba kwa theluji ya bandia, na hapo kuna somo zuri, kwa sababu theluji ya filamu ina aina zake: ya kulalia paa, ya kukanyagwa ikatoa sauti, ya kuanguka polepole. Lakini Waislamu wakumbuke kwamba mwezi Desemba London jua huzama karibu na saa 10 jioni. Mkiingia adhuhuri, alasiri na magharibi zote zitawakuta ndani. Chukueni nafasi ya asubuhi, bebeni mswala, na muulizeni mfanyakazi sehemu tulivu mkifika, sio wakati umeshabana.

Usafiri ni rahisi. Kutoka stesheni ya Euston, treni ya haraka hufika Watford Junction kwa dakika 20 hivi. Ile ya Overground husimama kila mahali na huchukua karibu mara mbili ya muda huo au zaidi, kwa hiyo someni ubao kabla ya kupanda. Kadi ya Oyster inafanya kazi hadi hapo. Ndugu wa Milton Keynes, Northampton na Birmingham hawana haja ya kuingia London kabisa, maana treni za njia hiyo husimama Watford Junction. Nje ya stesheni kuna basi la studio lenye picha za filamu, na safari yake ni kama robo saa.

Nendeni msalani kabla ya kupanga foleni. Waombeeni watoto pasi ya bure yenye sehemu za kugonga mihuri, itakayowafanya watafute vitu vilivyofichwa njiani. Kisha mnaingizwa ukumbini, mnaonyeshwa filamu fupi, na milango ya Ukumbi Mkuu wa Hogwarts, shule ya uchawi ya kwenye filamu, inafunguka. Mara nyingi mwongoza wageni huuliza kama kuna mwenye siku ya kuzaliwa ili aje kufungua mlango. Kama yupo kwenu, mwambieni ajiandae kunyoosha mkono bila aibu.

Hapo Ukumbini ndipo pa kuanza kazi mliyoijia. Waambieni watoto waangalie chini kwanza. Sakafu ni mawe halisi ya York, kwa sababu mbuni wa mandhari, Stuart Craig, alijua miguu ya mamia ya watoto itapita hapo mwaka hadi mwaka. Halafu waangalie juu. Hakuna dari ya nyota. Kuna taa na mabomba ya chuma, na ile mbingu iliongezwa baadaye. Mishumaa iliyoelea angani katika filamu ya kwanza ilikuwa mishumaa ya kweli iliyoning'inizwa kwa nyaya nyembamba. Joto la moto likakata nyaya, mishumaa ikaanza kuanguka, na kuanzia hapo ikatengenezwa kwa kompyuta. Chakula nacho kilikuwa cha kweli mwanzoni, lakini chini ya zile taa, siku nzima, kikatoa harufu, na baadaye vyakula vingi vikafinyangwa kwa resini. Watoto wanapenda sana visa hivi vya mambo yaliyokwenda kombo, na wana haki. Vinawaonyesha kwamba hata wenye fedha nyingi hujaribu, hushindwa, hubuni tena.

Mkitoka hapo mnatembea wenyewe kwa mwendo wenu, na kosa la wengi ni kukimbilia kupiga picha kila mahali. Mimi ningetumia muda wote niwezao katika sehemu tatu.

Ya kwanza ni vyumba vya walimu. Darasa la dawa lina mamia ya chupa ukutani, na mtoto wa Kiafrika akiziona atakumbuka kila kilichowahi kusimuliwa kuhusu vibuyu vya waganga. Mwambieni kilichomo: mifupa ya wanyama iliyokaushwa kwenye oveni kutoka kwa wauza nyama wa jirani, majani makavu, na wanyama wa plastiki walionunuliwa duka la zawadi. Katika ofisi ya mkuu wa shule kuna vitabu vinavyoonekana vya kale na vya siri kubwa. Vingi ni madaftari ya namba za simu ya Uingereza yaliyovalishwa ngozi. Sura za watu kwenye picha za ukutani, baadhi yao ni za wafanyakazi wa filamu. Chumbani mwa wavulana vitanda vilitengenezwa kwa kimo cha watoto wa miaka 11, na kwa kuwa havikubadilishwa, waigizaji walipokua walilazimika kukunja miguu.

Ya pili ni mambo ya ukubwa na udogo. Kuna korido ya mkahawa wa kwenye filamu ambayo milango yake inapungua kimo kadiri unavyoangalia mbele, hivyo jicho linadhani ni ndefu. Kumfanya mhusika Hagrid awe jitu, nyumba yake ilijengwa mara mbili: moja ndogo, ili mwigizaji Robbie Coltrane aijaze, na moja kubwa, ili watoto waonekane wadogo ndani yake. Kwa picha za mbali alitumika Martin Bayfield, mchezaji wa zamani wa raga wa Uingereza mwenye urefu wa kupita kiasi, akivaa kichwa cha bandia chenye mashine. Simameni hapo hadi kila mtoto aweze kueleza kwa maneno yake jinsi jicho lilivyodanganywa.

Ya tatu ni karakana ya viumbe, ambayo iko baada ya mapumziko, wakati watoto wameanza kuchoka. Msiipite. Kazi ya kikosi cha Nick Dudman iko pale: vichwa vya majini wa benki, ndege mkubwa mwenye mwili wa farasi, watoto wa mizizi wanaopiga kelele. Nywele zilichomekwa mmoja mmoja kwenye ngozi ya silikoni. Mtoto akiona subira ile, hata kazi ya shule ya kurudia hesabu ataielewa upya.

Kuna mahali pawili pa kutahadhari na wadogo. Msituni kuna buibui wakubwa wanaoshuka gizani, na kuna njia ya pembeni kwa asiyetaka; muulizeni mfanyakazi kabla ya kuingia. Ndani ya benki ya Gringotts, baada ya nguzo nzuri zinazofanana na marumaru, joka hujitokeza kwenye skrini kubwa na kutema moto kwa kishindo. Mwambieni mtoto kabla, mshikeni mkono, na mkishatoka muulizeni taa ilikuwa wapi na sauti ilitoka upande gani.

Katikati ya safari kuna treni ya mvuke, kichwa chake cha kweli kilichoundwa mwaka 1937, kisha mkahawa na eneo la nje. Vyakula vya pale ni ghali, na mnaruhusiwa kuja na vyenu. Wanaojali halali watakuwa na amani zaidi na sambusa zao, chapati na chupa ya chai. Kinywaji cha Butterbeer kila mtoto atakitaka. Jina lake lisiwatie hofu, hakina kileo, ila kina sukari nyingi, na glasi moja kwa watoto wawili inatosha. Nje kunaweza kuwa na baridi kali hata Mei. Lile basi la zambarau la ghorofa tatu lililopo hapo liliungwa kwa vipande vya mabasi ya kweli ya London, na kama kwenu kuna fundi wa bodi za magari, atalizunguka mara mbili.

Karibu na mwisho mnaingia chumba chenye kasri zima la Hogwarts, limepunguzwa kiasi kwamba kila mita 24 zimekuwa mita 1. Wasanii na mafundi 86 walilijenga kwa ajili ya filamu ya kwanza, na saa zote zilizotumika kulijenga na kulirekebisha, zikihesabiwa kama za mtu mmoja, zinazidi miaka 74. Ndani yake kuna taa ndogo zaidi ya 2,500. Taa za chumba hubadilika kutoka mchana hadi usiku. Ngojeni mzunguko wote upite. Baadaye mtaona masanduku ya fimbo za uchawi yaliyopangwa hadi darini, na juu yake majina ya watu wapatao 4,000 waliofanya kazi kwenye filamu hizi. Someni majina kadhaa kwa sauti. Waigizaji ni wachache mno kati yao.

Kisha duka, na hapa muwe na msimamo. Kila mtoto apewe kiasi chake asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, na akishakitumia amekitumia. Fimbo moja inazidi pauni 30, joho ni ghali zaidi ya hapo. Picha za kupaa kwa ufagio mbele ya kitambaa cha kijani nazo hulipiwa. Kujaribu ni bure, na mtoto akijaribu ameshajifunza, picha si lazima.

Wikendi inayofuata mpeni mtoto simu na muda. Achukue picha ambayo mdogo wake anaonekana kusimama juu ya kiganja cha baba: mdogo mbali, kiganja karibu, mpiga picha amelala chini. Atajaribu mara nyingi kabla haijakaa sawa. Kama ana miaka 14 au 15 na jambo limemshika, mwambieni kwamba filamu inaajiri maseremala, mafundi umeme, washonaji, wapishi na wahasibu, na kwamba kozi za ufundi ni njia halali ya kuingilia. Na mkienda nyumbani likizo, pangeni tarehe zikutane na tamasha la filamu la ZIFF huko Unguja, ambalo limekuwepo tangu 1998, au mpiteni Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa. Maswali aliyoyauliza Leavesden ayaulize tena huko, kwa Kiswahili, kwa watu wanaoifanya kazi hiyo kwa vifaa vichache zaidi.